Taa za ukungu kwenye mvua ya Mombasa: dalili, sababu na marekebisho

Ukungu wa kweli, ule wa kumeza gari lililo mita 50 mbele yako, si wa kila siku Mombasa. Utakutana nao ukipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, alfajiri nyingine upande wa Shimba Hills, au ukishafika bara kabisa, kati ya Limuru na Kinungi. Hapa kisiwani na viungani mwake, kinachopeleka mkono wa dereva kwenye swichi ni mvua: masika ya Aprili na Mei, vuli ya Oktoba na Novemba, na yale maji machafu yanayorushwa na matairi ya trela kuanzia Changamwe hadi Mazeras. Kwa hiyo gari likiletwa kwa fundi na maneno "fogi zinanisumbua", mara nyingi taa ni nzima. Imewashwa pasipo na kazi yake, au imefungwa vibaya, na mwenye gari anataka iongezwe nguvu. Huko kuiongeza nguvu ndiko kunakoharibu zaidi.

Fuata dalili inayokuhusu. Ila usifungue bampa kabla ya kupima jambo moja.

Unaona umbali gani?

Taa za ukungu zina kazi pale tu unapoona chini ya mita 100 hivi. Ndicho kipimo kinachotumika Uingereza, na Ujerumani taa nyekundu ya nyuma hairuhusiwi mpaka uone chini ya mita 50. Macho hukadiria vibaya mvuani, basi hesabu. Chagua mlingoti au mti unaojitokeza sasa hivi, kisha hesabu sekunde hadi uupite. Ukienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde ni mita 14, kwa hiyo sekunde 7 ni karibu mita 100. Ukienda 80, sekunde moja ni mita 22, na sekunde nne na nusu zinatosha kufika mita 100. Ukihesabu zaidi ya hapo, zima taa za ukungu na ubaki na dimu, yaani taa kubwa zikiwa zimeshushwa, si fuli ya kumulika mbali.

Hesabu hiyo hiyo inakupa na spidi. Kwenye lami iliyolowa, gari la kawaida lenye matairi mazuri linahitaji karibu mita 95 kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa, ukijumlisha sekunde moja na nusu ya wewe kushtuka na kukanyaga breki. Kutoka 50 ni karibu mita 45. Ukiwa unaona mita 50 tu, hakuna taa itakayokuhalalishia 80, hata ungefunga sita.

Dalili: wanaokuja mbele wanakupigia fuli na wewe umeweka dimu

Hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote, na ina sababu tano. Zifuate kwa mpangilio huu, maana ya kwanza haihitaji hata bisibisi.

*Barabara imelowa.* Lami kavu ina uso wa kukwaruza. Mwanga ukiigonga hutawanyika, na sehemu yake hukurudia, ndipo ukaiona barabara. Ikilowa, tabaka la maji juu yake huwa kama kioo: mwanga uliolengwa chini haukurudii, unageuzwa juu na kuingia machoni mwa anayekuja. Taa ya ukungu imetengenezwa na mkato mkali upande wa juu, yaani mwanga wake unaishia kwenye mstari na juu ya mstari kuna giza, ili isimwumize mtu. Kwenye maji mkato huo hauna maana, kwa sababu sehemu yenye nguvu, ile iliyo chini ya mstari, ndiyo inayoakisiwa kwenda juu. Hivyo taa iliyopimwa vizuri kabisa bado itamchoma mwenzako usiku wa mvua pale Nyali Bridge au Makupa. Jaribio lake ni rahisi. Simamisha gari mahali salama palipolowa, mtu aketi kwenye gari jingine mita 30 mbele akikutazama, washa fogi kisha zima. Atakuambia mwenyewe. Dawa ni kuzizima usiku wa mvua maadamu unaona zaidi ya mita 100, na mjini penye taa za barabarani utaona zaidi ya hapo karibu kila wakati.

*Zimepanda.* Hizi hupanda baada ya bampa kugongwa, kung'olewa kwa kupakwa rangi, au kufungwa na fundi aliyekadiria kwa jicho. Pima hivi:

1. Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta wima. Kiwanja cha kituo cha petroli kinadanganya, kina mteremko wa kutoa maji.
2. Jaza matairi upepo unaotakiwa, toa mizigo, na mtu wa kilo 75 hivi aketi kiti cha dereva.
3. Weka gari taa zikiwa mita 5 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya kioo cha taa ya ukungu, kisha bandika utepe ukutani kwa urefu huo huo.
4. Bandika utepe wa pili sentimita 10 chini ya ule wa kwanza. Hiyo ni asilimia 2 ya kushuka.
5. Washa taa za ukungu, na zile kubwa uzifunike kwa kitambaa kwa muda mfupi. Mstari wa juu wa mwanga ukae kwenye utepe wa chini, umelala sawasawa.

Skrubu ya kurekebisha mara nyingi ni moja tu, ya juu na chini. Huwa nyuma ya taa, na unaifikia kwa kufungua plastiki ya ndani ya tairi, au kupitia tundu dogo kwenye bampa. Tumia bisibisi ya nyota ndefu, zungusha robo, tazama ukuta, kisha robo tena. Skrubu ikizunguka bila mwanga kusogea, jino la plastiki limekatika. Usiikabe kwa gundi, nunua taa au kishikio chake.

*Nyuma pamelemewa.* Gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma likishuka nyuma sentimita 5, pua inainuka kwa asilimia 2. Ni ile ile asilimia 2 uliyotafuta ukutani, yote imekwisha. Probox iliyojaa kreti za soda hushuka zaidi ya hapo. Na kile kigurudumu cha 0 hadi 3 kwenye dashibodi hushusha taa kubwa pekee, zile za ukungu kwa kawaida hazikifuati. Umebeba mzigo, fogi zikae zimezimwa.

*Balbu ya LED kwenye taa ya halojeni.* Kikombe cha taa kimechongwa kufuata waya mmoja mdogo unaowaka, ulio mahali pamoja hasa. Balbu ya LED ya kubadilisha ina vipande vya mwanga pande mbili za bamba. Vikikosea milimita moja au mbili, mkato unapotea na mwanga unamwagika juu. Kabla ya kuitupa, angalia kama imeingia ikiwa imelala vibaya: vipande vinatakiwa vitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Nyingine zina kola ya kuzungusha, legeza kijiskrubu chake na uigeuze. Rudi ukutani. Mstari ukikataa kutokea, rudisha halojeni. Zile za rangi ya buluu, zinazouzwa kama kelvini 6000 kwenda juu, ndizo zinazoumiza macho zaidi mvuani. Wauzaji hawapendi kuambiwa hivyo.

*Si taa ya ukungu kabisa.* Vibamba vya LED vinavyofungwa chini ya bampa za matatu na pikapu huitwa fogi dukani. Kipimo ni ule ule ukuta: mwanga ukiwa wa mviringo au umesambaa bila mstari bapa juu, hiyo ni spotlaiti, hata boksi liandikwe nini. Huwezi kuirekebisha kwa skrubu. Ukiishusha mpaka isimchome mtu, inamulika sehemu iliyo mbele ya tairi tu.

Dalili: ukiwasha, hapa mbele panang'aa lakini mbali huoni

Taa haina ubovu. Taa ya ukungu imetengenezwa kumulika kwa upana, karibu, na kwa mwendo wa polepole: ukingo wa barabara, mstari mweupe, mtaro. Ikimwaga mwanga mwingi kwenye mita 10 au 15 za kwanza, mboni ya jicho hubana na jicho huzoea mwanga ule, na kile kilicho mita 80 mbele hufifia. Ubaya ni kwamba unajihisi unaona vizuri, kwa sababu pale chini panapendeza. Ndiyo maana dereva wa barabara kuu ya Nairobi, baada ya Mariakani, huapa kwamba bila fogi haoni, huku akikimbiza 100.

Jaribu usiku, barabara kavu, dimu peke yake kwa dakika mbili hadi macho yazoee. Ikiwa bado ni hafifu, tatizo liko kwenye taa kubwa: kioo kimekuwa cha njano kwa jua, balbu imechakaa, au umeme haufiki. Vioo vya plastiki vya magari yaliyolala nje Pwani huchoka upesi. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukimalizia na polishi, hurudisha mwanga mwingi kuliko fogi yoyote. Paka na kinga ya jua juu yake, la sivyo unjano hurudi haraka.

Dalili: ukuta mweupe mbele ya macho

Umewasha fuli. Matone ya mvua au ukungu hurudisha mwanga machoni mwako, na kadiri taa ilivyo karibu na usawa wa macho ndivyo unavyorudi mwingi. Shusha dimu. Ukiwa ndani ya ukungu mzito kweli, kama kwenye kona za Wundanyi alfajiri, hapo ndipo fogi za mbele zinalipa: ziko chini, mwanga wao unapita chini ya macho yako. Washa dimu na fogi, teremka hadi 30 au 40, ufuate mstari wa kushoto. Magari mengine huzima fogi zenyewe ukipandisha fuli, usidhani fyuzi imekatika.

Kuhusu balbu za njano: matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo rangi zote hutawanywa karibu sawa. Njano haipenyi zaidi. Faida yake ni kwamba watu wengi huona haichomi macho sana, na hiyo si haba, lakini usilipe mara tatu kwa ajili yake.

Dalili: wa nyuma yako wanapiga honi, wanamulika, au wanakaa mbali ajabu

Taa nyekundu ya ukungu ya nyuma inawaka na hujui. Taa ndogo ya nyuma hutumia wati 5, hii hutumia 21, sawa na breki. Aliye nyuma yako kwenye foleni ya Likoni anaiona kama breki iliyokanyagwa muda wote, na ukikanyaga breki kweli hatambui tofauti mara moja. Mvuani, kwa mita 20, maji kwenye kioo chake yanaisambaza ikawa doa jekundu moja.

Tazama dashibodi. Alama ya kijani yenye mistari iliyoinama kuelekea kushoto ni ya mbele. Ya rangi ya machungwa, mistari imelala kuelekea kulia, ni ya nyuma. Kwenye magari mengi ya Ulaya kitufe cha kuzungusha huvutwa: mvuto wa kwanza ni fogi za mbele, wa pili ni za nyuma, na wengi huvuta hadi mwisho wakidhani wanaongeza mwanga wa mbele. Kwenye magari ya Kijapani huwa ni pete kwenye mkono wa indiketa. Mengine huizima yenyewe ukizima gari, mengine swichi hubaki ilipo, na kesho yake jua likiwaka bado unatembea nayo.

Matumizi yake yanayofaa ni mafupi: unaona chini ya mita 100, upo barabara ya kwenda kasi, na hakuna gari nyuma yako. Akishakufikia mtu na unaona taa zake kwenye kioo, naye anakuona. Zima.

Wengine huja na lalamiko la kinyume: "inawaka upande mmoja tu". Magari mengi yana moja tu, upande wa dereva, na upande wa pili ni taa ya rivasi au kikombe kitupu. Fungua kifuniko utazame kama kuna soketi kabla ya kununua balbu. Na magari mengi ya Kijapani yaliyoagizwa hayana kabisa, kwa hiyo kutafuta swichi ni kujichosha. Isiyowaka kabisa ilhali ipo, hakikisha kwanza umewasha dimu au fogi za mbele, bila hizo ya nyuma imefungiwa kutowaka.

Dalili: taa zote nzima, na bado huoni

Dalili hii inapata nafasi kubwa hapa kwa sababu ya joto na unyevu wetu, na kwa sababu wengi huimaliza kwa kununua balbu.

Pitisha wipa mara moja. Ukungu ukiondoka na kurudi baada ya sekunde chache, uko nje ya kioo. Hewa ya Mombasa usiku wa mvua imejaa maji, na kiyoyozi kikipuliza baridi kwenye kioo, unyevu wa nje unageuka matone juu yake kama kwenye chupa ya soda kutoka friji. Ongeza joto la kiyoyozi, geuza upepo kutoka kwenye kioo uende usoni au miguuni, wipa ifanye iliyobaki. Dereva asiyejua hufanya kinyume: anaongeza baridi na kuielekeza kwenye kioo, ukungu unazidi, anawasha fogi.

Wipa isipouondoa, uko ndani. Hapo elekeza upepo kwenye kioo, kiyoyozi kiwe kimewashwa kwa sababu ndicho kinachokausha hewa, ongeza joto kidogo, na ufungue hewa ya nje badala ya ile inayozunguka ndani. Abiria wanne waliolowa na madirisha yamefungwa wanatosha kuziba vioo kwa dakika chache.

Kama ni michirizi na duara za upinde wa mvua kuzunguka taa za wenzako, hayo ni mafuta ya barabarani na moshi wa dizeli. Osha kioo kwa sabuni ya vyombo, suuza sana, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti. Mipira ya wipa hukaushwa na jua kabla ya kuchakaa kwa kazi. Ikiacha mistari baada ya kioo kuoshwa, badilisha, na ujaze maji ya kuoshea kabla ya masika.

Dalili: wenzako hawakuoni mchana wa mvua

Taa za mchana zinazowaka zenyewe mbele hazina mwenzake nyuma kwenye magari mengi: mbele unang'aa, nyuma giza tupu. Na taa za otomatiki hupima mwangaza, hazipimi mvua. Saa nane mchana, mawingu meupe, zitakaa zimezimwa huku mvua imefunga barabara ya Dongo Kundu. Zungusha mwenyewe hadi dimu. Taa ndogo hazitoshi, fogi peke yake pia hazitoshi.

Kuwasha hazadi (indiketa zote kwa pamoja) ukiwa unaendelea kutembea ni kosa jingine la mvua. Kwenye magari mengi indiketa hazifanyi kazi hazadi ikiwa imewashwa, na anayeona upande mmoja tu wa gari lako huku mwingine umefichwa na lori anadhani unakata kona. Ziwashe ukisimama, au kwa sekunde chache ukifunga breki ghafla mbele ya foleni.

Dalili za umeme: haiwaki, inafifia, inakata fyuzi

*Moja haiwaki.* Balbu. Halojeni usiiguse kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi hutengeneza sehemu yenye joto kali na balbu hufa mapema. Soma namba iliyo kwenye balbu ya zamani: H8 ni wati 35, H11 ni 55, H16 ni 19, HB4 ni 51. H8, H11 na H16 zinafanana sana, zinatofautiana masikio ya kwenye kola, na masikio hayo yamewekwa makusudi. Fundi anayeyakata kwa wembe ili H11 iingie kwenye taa ya H16 amekuwekea joto karibu mara tatu ndani ya plastiki isiyolihimili. Kikombe kitabadilika rangi, kisha soketi itayeyuka.

*Zote mbili haziwaki.* Angalia fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme). Chukua rilei inayofanana nayo, kama ya honi, uibadilishe kwa muda. Zikiwaka, umepata jibu. Kumbuka pia kwamba zinahitaji angalau taa ndogo ziwe zimewashwa.

*Fyuzi inakatika.* Balbu mbili za wati 55 hula ampea 8 hadi 9, na fyuzi ya 15 inatosha. Ikikatika mara tu unapowasha, waya umechubuka na unagusa bodi, mara nyingi pale unapopita kwenye ukingo wa bampa. Ikikatika mvua ikinyesha tu, maji yameingia soketini. Usiweke ya 30 "ili ikae". Fyuzi ikikataa kukatika, waya ndio utakaoungua.

*Mwanga ni hafifu au mwekundu.* Hapa Pwani mshukiwa wa kwanza ni chumvi. Washa injini na fogi, chukua multimita. Pima betri: inatakiwa karibu volti 13.8 hadi 14.4. Pima kwenye soketi ya taa, chanya na hasi, balbu ikiwa imechomekwa. Tofauti ikizidi volti 0.5, umeme unapotea njiani, na kupoteza volti moja tu kunaiba karibu robo ya mwanga wa halojeni. Sasa weka ncha moja kwenye hasi ya taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) ndiyo mbovu. Fungua bolti yake, kwaruza rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi. Kipande cha shaba kilichogeuka kijani ndani ya soketi hakisafishiki kikadumu, kata na ufunge soketi mpya.

Aliyefungiwa fogi mtaani aangalie jambo moja zaidi: je, umeme wote unapita kwenye swichi ya dashibodi? Swichi ikiwa ya moto ukiigusa, ndivyo ilivyo. Inatakiwa rilei: mguu wa 30 kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, waya wa milimita mraba 2.5, mguu wa 87 kwenda taani, kila taa na waya wa 1.5, mguu wa 86 kutoka swichi iliyochukua umeme wa taa ndogo, mguu wa 85 kwenye ethi. Ukichukua umeme wa swichi moja kwa moja kutoka betri, utakuja kukuta betri imekufa siku utakaposahau. Malori ni volti 24: balbu ya volti 12 ikifungwa humo inaungua papo hapo, na ya 24 kwenye gari dogo inatoa mwanga wa mshumaa.

*Redio inakwaruza au balbu inapepesa.* Ni balbu za LED za bei rahisi. Zichomoe uone. Kupepesa kwenye magari ya Ulaya hutokana na kompyuta ya gari kukagua balbu kwa mapigo madogo ya umeme, nayo LED inayaitikia.

Dalili: maji ndani ya taa

Tofautisha mvuke na maji. Jasho jepesi kwenye kona ya kioo, linalopotea taa ikiwaka kwa dakika 15 hadi 20, ni kawaida kwenye hewa yetu. Maji yanayocheza chini ya kikombe si kawaida. Toa taa, itikise, tazama kioo kama kimepasuliwa na kokoto, kisha mpira wa balbu nyuma kama umekaa sawa. Iache juani imefunguliwa siku nzima. Ufa mdogo unazibwa kwa silikoni ya vioo, mkubwa haufai kuhangaikiwa.

Chini au nyuma ya taa kuna kitundu au kibomba kidogo cha kupumua. Mafundi wengine hukiziba kwa silikoni wakidhani ndipo maji yanapoingilia. Kikizibwa, taa ya moto ikipita kwenye dimbwi inapoa ghafla, inavuta hewa kupitia soketi, na maji yanaingia nayo. Kizibue kwa waya mwembamba, safisha tope, na uhakikishe kinatazama chini. Ukilazimika kuvuka maji yaliyofika nusu ya tairi, zima fogi dakika chache kabla ili vioo vipoe.